Sindano ya Pepopunda

Kioo alipoingia dukani bila kupiga mluzi nilijua ana jambo. Siku zote mluzi wake ulimtangulia kuanzia kona ya duka la vipuri, nami nilipata muda wa kujifuta jasho, kutoa pini mdomoni na kujifanya sikumsikia. Siku hiyo nilishtukia tu kivuli chake kimetua juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, na mkasi ukaenda upande.

"Umeniharibia kola ya mtu," nilimwambia.

Hakucheka. Alivuta kigoda cha wateja, akakaa, akaanza kuikagua mikono yake iliyojaa makovu madogo madogo. Ni fundi wa vioo, mchumba wangu huyu. Ndiye aliyekuja kunifungia kioo kirefu katika chumba cha kujaribia nguo. Alipima ukuta kwa futi yake ya chuma, mimi nikapima nyuma yake kwa futi yangu ya kitambaa, majibu yakapishana, tukabishana mpaka jioni ni futi ya nani inayodanganya. Kioo kilipokaa ukutani tulijikuta tumesimama mbele yake wote wawili, na hakuna aliyekuwa anajitazama. Tangu hapo mimi nikamwita Kioo. Yeye akaniita Pindo, kwa kuwa eti siwezi kuacha jambo lipite bila kulikunja na kulishona.

"Mama amesemaje?" nikauliza, maana nilijua ametoka kwao.

"Anasema harusi isimame kwanza."

"Isimame mpaka lini?"

"Mpaka ijulikane."

"Ijulikane nini?"

"Pindo, usinifanye niseme."

"Sema. Umekuja kusema."

Akashusha pumzi. "Kama mlango umefungwa."

"Mlango upi? Wa duka uko wazi, ndio umeingilia."

Nilisema hivyo kwa mzaha. Nilijua ni mlango gani.

Kosa lilikuwa la mdomo wangu. Wiki iliyopita nilikuwa kwao nakunywa chai, na mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumba nzima inamwita Kitinda, akaleta habari kwamba wauguzi watakuja shuleni Jumatatu kuchanja wasichana, na kwamba wenzake wamepanga kujificha chooni. Wengine wanasema sindano hiyo inaua uzazi. Wengine wanasema ukionekana kwenye mstari watu watajua umeshaanza mambo ya wavulana. Mimi kwa kiherehere changu nikapandisha mkono wa blauzi, nikamwonyesha bega. "Mimi nilichanjwa nikiwa na umri wako, na niko hapa namaliza chai yenu." Nilidhani nyumba itacheka. Alicheka Kitinda peke yake. Mama yake aliweka kikombe chini taratibu, na shangazi yake akanitazama kiunoni.

Sindano yenyewe ina jina refu: chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Shangazi yake Kioo alilisikia jina hilo kwenye gari la matangazo lililokuwa linapita mbio. Akashika la kwanza na la mwisho, la katikati likaenda na vumbi. Sokoni akafikisha kwamba imekuja chanjo ya kuzuia mlango wa kizazi. Mchana haujafika, imekuwa chanjo ya kufunga mlango.

"Na wewe unaamini?" nilimuuliza Kioo.

"Mimi siamini wala sikatai."

"Hilo si jibu."

"Vijana pale karakana wanasema kuoa mwanamke aliyechomwa ile ni kununua gari lisilo na injini."

"Ukawajibuje?"

"Nilikuwa nakata kioo," alisema, akainamisha macho.

Nilitamani kumkasirikia, nikashindwa. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile. Aliusogeza mkono wake juu ya meza, kati ya chaki na kibweta cha pini, mpaka vidole vyake vikagusa vyangu, na mimi nikaviacha. Nyuma yake, kwenye tundiko, gauni langu la harusi lilining'inia ndani ya shuka nyeupe. Nililishona mwenyewe, kila wateja walipopungua. Lilibaki pindo tu.

"Kuna njia," akasema. "Jumapili uje nyumbani. Useme ulichanganya. Ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri. Useme ile sindano ilikuwa ya pepopunda."

"Pepopunda!"

"Nani hajachomwa ya pepopunda? Nani atakukagua? Sindano ni sindano, Pindo. Neno moja tu. Yanaisha, tunaoana, tunazaa, wananyamaza wenyewe."

"Na tukichelewa kuzaa?"

"Tutachelewa kama watu wengine wanavyochelewa."

Nilicheka, na machozi yakanitoka nikicheka. Kioo aliyafuta kwa kidole gumba, kile chenye kovu refu, na kiliniparuza shavuni kama kawaida yake. Nilimpenda mtu yule. Nilimpenda kiasi cha kukubali.

"Sawa," nilisema. "Nitasema pepopunda."

Jumapili baba aliniandalia nguo. Baba yangu ni dobi. Hajawahi kuniruhusu nitoke kwenda ugenini na nguo niliyoipiga pasi mwenyewe, ingawa mimi ndiye ninayeishona. Alipitisha pasi yake polepole, akaning'iniza gauni mlangoni, akasema, "Wasalimu wakwe." Sikumwambia ninakwenda kusema nini. Ningemwambiaje, yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwenye sindano hiyo.

Nilipofika kwa kina Kioo walikuwa wameshakaa. Mama yake alikuwa kwenye kiti kirefu, mgongo wake umeegemea vitambaa nilivyowafumia mimi. Shangazi mtu alikuwa pembeni yake, amekunja mikono kifuani, tayari. Kioo alikaa karibu na dirisha. Kitinda alikuwa anazunguka na chupa ya chai, na aliponifikia alininong'oneza, "Karibu, wifi," akanijazia kikombe mpaka ukingoni.

"Mwanangu," mama yake Kioo alianza, "sitaki kukuzungusha. Nyumba hii ilikaa miaka mingi bila kilio cha mtoto. Wenzangu walikuwa wakizungumza, nikiingia wananyamaza. Mama mkwe wangu alikuwa akinitazama ninavyokula, anasema huyu anakula bure. Nikimaliza kula naenda kulia nyuma ya nyumba. Ndipo akaja huyu." Alimwonyesha Kioo kwa kidevu. "Wewe nakupenda. Mbele za Mungu nakupenda. Lakini siwezi kumwona mwanangu akipita nilikopita mimi. Kwa hiyo nakuuliza, na ukiniambia nitaamini. Ile sindano ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na adui. Adui hakuwepo. Alikuwepo mama wa watu, kidonda chake bado kibichi, ananiomba nimwondolee hofu.

Nilimtazama Kioo. Macho yake yalinibembeleza. Midomo yake ilikuwa imeshajipanga kwenye ile herufi ya kwanza.

"Ya pepopunda, mama," nikasema.

"Ya pepopunda?"

"Nilichanganya. Nilikuwa mdogo."

Ah! Laiti mngeiona nyumba ile ilivyofunguka. Mama yake alipiga makofi mara moja, akanivuta kifuani kwake, nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio chini ya kanga. "Mwanangu! Mbona umenitesa hivi? Wiki nzima sikulala!" Shangazi akasema yeye tangu mwanzo aliona huyu binti ana kiuno cha kuzaa, jambo ambalo lilinishangaza sana. Kioo alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la siku ya kioo kirefu, na mimi nikajiambia, basi, imekwisha, nimempata.

"Kwa hiyo wifi hukuchanjwa?"

Kitinda alikuwa amesimama katikati ya sebule, chupa ya chai ameikumbatia.

"Mwache wifi yako anywe chai," mama yake akasema.

"Lakini niliwaambia wenzangu. Niliwaambia wifi yangu alichanjwa na hana tatizo lolote. Wawili walikubali kwa ajili yangu." Aliibana chupa kifuani. "Sasa watanicheka. Basi na mimi kesho nakwenda kujificha nao."

"Vizuri sana," shangazi akasema. "Jifiche. Na mlango wa choo ufunge kwa ndani."

Wote wakacheka. Kitinda hakucheka. Alinitazama mimi tu, akingoja, kama mteja anayengoja kuambiwa nguo yake iko tayari au haiko tayari. Kisha akateremsha mkono wa blauzi yake. Sikuwa nimeona kwamba alikuwa ameupandisha, pale pale begani, kama nilivyoupandisha mimi wiki iliyopita.

Niliweka kikombe chini.

"Mama," nikasema, "nimekudanganya."

Kicheko kilikatika. Kioo akasema kwa sauti ya chini, "Pindo."

"Haikuwa ya pepopunda. Kitinda, nisikilize. Nilichanjwa chanjo ile ile itakayokuja kwenu kesho. Na nitakwambia kwa nini." Nilijua nikiacha hapo sitaanza tena. "Mama yangu alikufa nikiwa rika lako. Nyumbani tulisema amekufa kwa maumivu ya kina mama. Mpaka leo tunasema hivyo, hakuna anayetaja jina. Lakini baba yangu ni dobi. Nguo za mama alizifua yeye. Aliona damu siku ambazo hazikuwa za damu. Akimuuliza, mama anamwambia ni mambo ya wanawake, wewe fua tu. Baba akafua. Anajua kutoa kutu, anajua kutoa wino, anajua kutoa mafuta ya gari. Doa lile alilitoa kila siku na kila siku likarudi, mpaka mama hakuweza tena kusimama. Hospitali walisema tumechelewa. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi."

Sijawahi kulisema jina hilo kwa sauti mpaka siku ile. Lilitoka zima, na la katikati likiwemo.

"Wauguzi walipokuja shuleni kwetu," niliendelea, "baba aliacha nguo za watu kwenye maji akanipeleka. Nilikuwa nalia. Alinishika mkono, akamwambia muuguzi, mchome huyu, mama yake hakupata. Mama, sikufungwa mlango. Ni ugonjwa uliofungiwa mlango."

"Gari la matangazo lilisema kuzuia mlango wa kizazi," shangazi akasema. "Nimelisikia kwa masikio yangu haya."

"Lilisema kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, shangazi. Umeruka neno moja."

"Neno moja tu ndilo unalolipigia kelele?"

Nilimtazama mama yake Kioo. Machozi yalikuwa yanamtoka, hata hakuyafuta.

"Mungu amrehemu mama yako," alisema. "Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini umenidanganya, kisha umejigeuza, sasa sijui nishike lipi. Na hata hili la pili, nani atanihakikishia? Wewe una mama mmoja wa kumlilia. Mimi nina mtoto mmoja wa kiume."

"Kioo," nikasema. "Sema neno."

Kioo aliitazama mikono yake. Akaigeuza na kuigeuza, viganja juu, viganja chini, wote tukingoja.

"Ilikuwa imeshakwisha, Pindo," alisema hatimaye. "Ungeacha tu ibaki pepopunda."

Nilisimama, nikawaaga kwa heshima. Miguu ilinifikisha getini yenyewe. Nikasikia viatu vyake vinakuja nyuma yangu, na mjinga mimi nikafurahi.

"Ngoja," alisema akihema. "Nipe muda nimlainishe mama."

"Nikuulize kitu. Niliposema pepopunda, ulitabasamu. Ulijua nadanganya, ukatabasamu."

"Nilitabasamu kwa kuwa nitakuoa!"

"Na Kitinda?"

"Kitinda ningemwambia baadaye."

"Baadaye lini, Kioo? Wauguzi wanakuja kesho."

Jua lilikuwa linampiga usoni na nilimwona vizuri, kope zake ndefu, kovu dogo la kidevuni, lile ambalo nilimwambia siku moja nitalizoea mpaka nisilione. Alinyoosha mkono akanigusa kiwiko. Ningemwegemea pale pale getini, mbele ya majirani. Lakini ndani mama yake aliita jina lake, la utotoni, na mkono wake ukaniachia.

"Nitakuja dukani," alisema.

"Njoo. Mimi nipo."

Hakuja. Siku ya kwanza nilifungua mapema na kufunga kwa kuchelewa. Kila mpita njia aliyepiga mluzi alinifanya nijitoboe kidole kwa sindano. Niliunga mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, nikafumua, nikaunga vile vile tena. Baba aliona. Alikuja na pasi yake, akakaa kwenye kigoda alichokalia Kioo, akanipigia pasi marundo ya nguo za watu mpaka nikalia nikamaliza, nikamweleza kwamba ni ile chanjo iliyoleta haya.

"Uliwaambia za mama yako?" aliuliza wakati anakunja shuka.

"Niliwaambia, baba. Na za nguo pia. Nisamehe."

Alimaliza kukunja shuka. "Afadhali mtu amesema," akajibu.

Mwisho wa wiki hodi ikapigwa. Alikuwa mama yake Kioo, amejifunga vizuri, na nyuma yake Kitinda akiwa na sare ya shule. Niliruka kutoka kwenye cherehani. Niliangalia nyuma yao, barabarani. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Sare inambana mkono," mama alisema. "Umevimba kidogo. Utamlegezea?"

Nilimtazama Kitinda. Alikuwa anajitahidi asicheke, akashindwa. Aliupandisha mkono wa sare, begani pakiwa na kijialama chekundu. "Nilisimama wa kwanza kwenye mstari," alisema. "Na wale wawili nyuma yangu."

"Usiku ule alilia mpaka akataka kutapika," mama yake alisema. Hakunitazama. Alikuwa anashika shika vitambaa vya mezani. "Na mimi sikulala. Nilikuwa namwaza baba yako na zile nguo. Anafua, anaanika, anafua. Asubuhi nikaenda naye mwenyewe shuleni. Nikasimama nyuma ya ukuta mpaka wakamaliza."

"Mama, ahsante," nilisema.

"Usinishukuru." Akakohoa. "Mwanangu amekwenda kwa mjomba wake. Kuna jengo kubwa wanaliwekea vioo. Nimemwambia akae huko huko mpaka limalizike."

Nilichukua futi, nikampima Kitinda mkono, ili niwe na mahali pa kutazama. Namba zilikuwa zinacheza. Nilipima mara ya pili, na ya tatu.

"Na jingine," mama yake akasema, sauti ameishusha ingawa tulikuwa watatu tu. "Hili la Kitinda tunaomba libaki letu. Shangazi yake hajui. Watu wakiuliza kuhusu mkono, tutasema alichomwa ya pepopunda. Unajua watu walivyo. Kesho keshokutwa atakuwa mkubwa, wachumba wasije wakamkimbia kama..."

Hakumalizia. Tulisikia wote watatu jinsi ambavyo hakumalizia.

"Itakuwa kama unavyotaka, mama," nilisema.

Nilifumua mshono wa pembeni, nikaulegeza, nikaushona tena. Mama yake Kioo alisimama mbele ya tundiko. Alinyanyua ncha ya shuka nyeupe, akaona gauni, akapapasa lile pindo ambalo halikuwa limeshonwa.

"La nani hili?"

"La mteja," nilisema. "Amesafiri."

Alilifunika taratibu, akainyoosha shuka vizuri kuliko alivyoikuta. Aliponigeukia nilidhani atanikumbatia kama siku ile, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini alijikaza, akafunga mtandio wake upya, akamsukuma binti yake mbele.

"Haya, twende," alisema. "Muage dada yako."

Kitinda alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika ule unaouma.

"Kwaheri, dada," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Nikaitikia. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba harusi imevunjika.